Mbwa Anayeng'ata Wageni: Jinsi ya Kuchagua Njia ya Kumfunza

Mbwa wengi wa mijini kwetu, iwe Mbezi au Kasarani, hukulia bandani. Mchana wamefungiwa, usiku wanafunguliwa, na watu pekee wanaowafahamu ni anayewaletea ugali na anayewafungulia mlango. Siku mbwa huyo akimng'ata msoma mita au mtoto wa jirani, kila mtu nyumbani huja na dawa yake. Baba anataka fimbo. Mlinzi anashauri mnyororo. Kijana ameona kwenye simu kola ya umeme inayouzwa mtandaoni. Jirani anataka mbwa auawe leo hii.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuamua. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mbwa anayerukia watu au kung'ata mara nyingi anasukumwa na hofu, na njia yoyote inayomzidishia hofu hiyo inaweza kumnyamazisha kwa muda tu, huku hatari ikibaki palepale.

Kwanza: ni tabia au ni ugonjwa?

Mbwa mpole aliyegeuka mkali ndani ya siku chache apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kupelekwa kwa mwalimu yeyote. Sikio lenye usaha, jino bovu, kidonda kilichofichwa na manyoya, nyonga za mbwa mzee, homa inayoletwa na kupe: vyote hivi humfanya ang'ake akiguswa. Ukimchapa mbwa mwenye maumivu kwa sababu amekung'akia, unamfundisha kwamba mkono wako ndio unaoleta maumivu.

> KISANDUKU: KICHAA CHA MBWA
>
> Mbwa anayebadilika ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayeyumba au anayeng'ata ovyo hata vitu visivyo na uhai, *usimfunze na usimguse*. Mtenge ikiwa unaweza kufanya hivyo kwa usalama, kisha mwite daktari wa mifugo.
>
> Aliyeng'atwa:
> 1. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Asipake majivu, mafuta wala dawa za kubahatisha.
> 2. Afike hospitalini siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo mdogo.
> 3. Mbwa asiuawe kwa haraka. Kama anaonekana mzima, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya maelekezo ya daktari wa mifugo.
>
> Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu daima huua. Chanja mbwa wako kuanzia umri wa miezi 3 na urudie kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi hutoa chanjo wakati huo.

Pili: shika daftari kwa wiki moja

Usichague njia kabla hujajua unachokitibu. Mbwa wawili wanaweza kumrukia mtu yuleyule, mmoja kwa kuogopa, mwingine kwa kulinda mfupa uliofichwa nyuma ya pipa. Kwa hiyo, kila tukio likitokea andika mambo matano: saa, mahali, nani au nini kilikuwa mbele yake na kwa umbali gani, mbwa alifanya nini, na *nini kilifuata*.

Hilo la tano ndilo watu huliruka, nalo ndilo lenye siri. Chukua bodaboda inayopita nje ya geti. Mbwa anakimbia sambamba na ukuta, anabweka mpaka sauti inakauka, na bodaboda inatokomea. Ingetokomea hata kama angekaa kimya, lakini yeye hajui hilo. Anachojua ni kwamba amebweka na adui amekimbia. Bodaboda zikipita mara ishirini kwa siku, basi kila siku amefanya mazoezi ishirini na kulipwa kwa kila moja. Ndiyo maana tabia hiyo hukomaa mwaka hadi mwaka ingawa hakuna aliyemfundisha. Msoma mita na muuza mboga nao huja na kuondoka vivyo hivyo.

Ukimaliza wiki, utaona mojawapo ya haya, au mchanganyiko wake:

- Hofu. Hutokea kwa wageni, watoto, kofia, miavuli, milio. Mara nyingi mzizi wake ni utotoni. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor nchini Marekani na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba wiki ya 3 hadi ya 12 hivi ya maisha ya mbwa ndiyo inayoamua nani atamwona kuwa wa kawaida. Mbwa aliyezipitisha wiki hizo nyuma ya nyumba, akiona watu wawili tu, huona dunia nzima kuwa ngeni.
- Kulinda mali: bakuli, mfupa, hata kochi.
- Nguvu zisizo na kazi. Anayechimba, kutafuna viatu na kubweka usiku kucha baada ya kufungiwa kwa saa kumi na mbili hana tabia mbaya. Hana la kufanya.
- Mama mwenye watoto. Hili hupita lenyewe. Mwache kwa amani, uwazuie watoto wa nyumbani wasimsogelee.

Katika wiki hiyo mtazame pia mwili wake. Kabla hajang'ata, mbwa huzungumza: hulamba pua ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukichomoza pembeni, kisha mwili mzima hukakamaa na mdomo hufungwa ghafla. Baada ya hapo ndipo hunguruma. Wengi wanaosema "ameng'ata bila onyo" waliyakosa maonyo manne ya mwanzo, na lile la tano walilichapa lisirudi tena.

Tatu: njia zilizopo na thamani yake

*Njia ya nguvu.* Asili yake kwa sehemu kubwa ni mbwa wa polisi na wa jeshi. Mjerumani Konrad Most aliiandikia kitabu mwaka 1910, na nchini Marekani William Koehler akaieneza majumbani kuanzia mwaka 1962. Zana zake ni mnyororo wa kukaba, kola ya miiba, kiboko, na siku hizi umeme. Hoja inayoisindikiza umewahi kuisikia: mbwa ni mbwamwitu, mbwamwitu wana mtawala, kwa hiyo lazima umwonyeshe nani bosi.

Hoja hiyo ilitokana na mbwamwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliwachunguza katika bustani ya wanyama ya Basel na kuandika mwaka 1947. Mtafiti wa mbwamwitu David Mech aliisambaza katika kitabu chake cha mwaka 1970. Kisha, baada ya miaka mingi ya kuwafuata mbwamwitu walio huru kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, Mech mwenyewe aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Hakuna anayepigania ufalme. Mtu anayemlaza mbwa wako chali na kumkandamiza ili "ajue nani mkubwa" anafanyia kazi wazo ambalo mwenezi wake mkuu ameshaliacha.

Matokeo ya njia hii ya nguvu nayo yamepimwa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2009, wenye mbwa waliulizwa nini kilitokea walipotumia mabavu. Miongoni mwa waliowapiga mbwa wao kwa mkono au kwa teke, asilimia 43 walijibiwa kwa ukali. Waliowalaza chali kwa nguvu, asilimia 31. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walilinganisha mbwa 92 kutoka shule zinazotumia zawadi na zile zinazotumia adhabu, na waliofunzwa kwa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, zikiwemo zile zinazopimwa kwenye mate. Wales ilipiga marufuku kola za umeme tangu mwaka 2010.

*Njia ya zawadi.* Unalipa tabia unayoitaka na kuzuia nafasi ya ile usiyoitaka. Karen Pryor, aliyeieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1984, alikuwa mfunza pomboo. Pomboo hawezi kufungwa kamba wala kuchapwa. Ukimuudhi anaogelea zake. Ilibidi afunzwe kwa samaki na filimbi.

Wanaosema njia hii ni mambo ya Wazungu na mbwa wao wa sebuleni waende Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya husikia mlio mdogo wa "kliki", kisha hupata chakula. Hakuna fimbo. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu Kambodia. Kazi ambayo kosa moja linaweza kumuua mtu imefunzwa kwa ndizi.

*Njia ya mseto.* Walimu wengi watakwambia wanatumia "zawadi na nidhamu pia". Waulize nidhamu ni nini. Kama ni kumnyima anachokitaka, kwa mfano kusimama akivuta kamba na kuendelea akilegeza, hiyo ni sawa. Kama ni kukaba au umeme, na tatizo la mbwa wako ni hofu, usikubali. Mbwa anayemwona mgeni na papo hapo kuhisi maumivu shingoni huunganisha mambo hayo mawili: wageni huleta maumivu.

> TATIZO LIPI, UANZIE WAPI
>
> - *Amebadilika ghafla:* daktari wa mifugo.
> - *Anachimba, anatafuna, anabweka ovyo:* matembezi mara mbili kwa siku, mfupa mkubwa mbichi au chakula kilichofichwa uani akitafute. Mara nyingi hii yatosha.
> - *Anavuta kamba, anarukia watu kwa furaha:* zawadi, wewe mwenyewe nyumbani.
> - *Analinda bakuli:* usimpokonye. Mpitie kwa mbali ukimrushia kitu kitamu kuliko alichonacho, siku baada ya siku, mpaka ujio wako uwe habari njema. Watoto wasishiriki.
> - *Anaogopa au anarukia wageni, hajajeruhi:* hatua za geti zilizo hapa chini.
> - *Ameshajeruhi mtu:* daktari wa mifugo na mwalimu mwenye uzoefu wa tatizo hilo, wote wawili.

Nne: hatua za geti

Utahitaji kamba ya mita mbili, mkanda wa kifuani badala ya kola, na kitu anachokipenda kupita ugali wake. Maini au mapupu yaliyochemshwa bila chumvi na kukatwa vipande vidogo kama punje ya mahindi ndiyo bora. Dagaa wakavu wanafaa pia.

1. Zima mazoezi mabaya. Ziba nafasi za geti kwa bati au turubai asione barabara. Hamishia banda nyuma ya nyumba. Mgeni akija, mbwa afungiwe *kabla* geti halijafunguliwa. Kibao cha "Mbwa Mkali" kiendelee kubaki, lakini kibao hakimzuii mtoto asiyejua kusoma, komeo linamzuia.

2. Mzoeze kikapu cha mdomoni. Kiwe cha matundu, kinachomruhusu kuhema kwa mdomo wazi na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana taya kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa ni hatari, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Weka maini ndani ya kikapu, aingize pua mwenyewe, atoe. Baada ya siku kadhaa ndipo ufunge mkanda, sekunde chache mwanzoni.

3. Tafuta umbali wake. Mwombe rafiki asimame mbali, pengine mita thelathini. Umbali sahihi ni ule ambao mbwa anamwona mtu na bado anakula. Akikataa maini, au akiyapokea kwa kunyakua hadi meno yakakugusa vidole, uko karibu mno. Rudi nyuma.

4. Mtu kwanza, chakula baadaye. Rafiki anajitokeza, mbwa anamwona, maini yanaanza kumiminika. Rafiki anajificha; maini yanakoma. Mpangilio huu usiugeuze. Ukianza kutoa maini kabla mtu hajaonekana, mbwa atajifunza kwamba maini ni dalili ya balaa linalokuja.

5. Dakika tano tu, mara moja au mbili kwa siku. Maliza angali ametulia.

6. Ngoja ishara. Siku moja atamwona rafiki na kugeuka kukutazama wewe, kana kwamba anauliza maini yako wapi. Hapo ndipo unasogea hatua mbili. Kabla ya hapo usisogee.

7. Badilisha watu. Mwanamume mwenye kofia ngumu, mama mwenye baibui au mwavuli, mtu mwenye mzigo kichwani, bodaboda iliyozimwa, kisha inayounguruma. Kila jipya lianzie mbali upya.

8. Mpe kazi. Kengele ikilia, aende kwenye gunia lake na kukaa, alipwe hapo. Mbwa aliyekaa kwenye gunia hawezi kuwa getini.

Hii ni kazi ya wiki nyingi, kwa wengine miezi. Kuna mbwa ambao hawatawapenda wageni kamwe, ila watajifunza kuwavumilia kwa mbali, na hilo linatosha.

Katika nyumba nyingi za pwani, wanaomhudumia mbwa hawataki mate yake yawaguse kwa sababu za dini. Hilo halizuii kitu. Chakula kinaweza kurushwa chini au kutolewa kwa kijiko kirefu, na mbwa hujifunza vilevile. Mfunze tu mapema kubaki kwenye gunia lake badala ya kulamba watu, ili msaidizi asilazimike kuchagua kati ya ibada yake na kazi yake.

"Lakini nitapoteza mlinzi"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, na ni la haki: watu wanafuga mbwa kwa sababu ya wezi. Ila tafakari mbwa wako anakufanyia nini sasa. Anabwekea bodaboda, paka, mwizi na shangazi kwa sauti ileile, hivyo umeshaacha kuamka. Mbwa aliyezoeshwa shughuli za kawaida za mchana hunyamaza kwa ya kawaida, na akibweka saa nane usiku unajua kuna jambo. Mwizi naye anaogopa sauti. Mbwa halazimiki kuwa amemng'ata muuza mboga ili aogopwe.

Makosa yanayoharibu kazi

- *Kumchapa kwa kunguruma.* Kunguruma ni onyo. Ukilizima, hofu inabaki na onyo linaondoka, naye ataruka moja kwa moja kwenye meno.
- *Kila mtu na sheria yake.* Wewe unalipa utulivu mchana, mlinzi wa usiku anamrushia mawe. Kaa na mlinzi na dada wa kazi, waeleze sababu, andika kanuni chache na uzibandike kibandani. Mlinzi anakaa na mbwa saa nyingi kuliko wewe. Mwache ashike maini pia.
- *Adhabu ya kuchelewa.* Umerudi jioni, kiatu kimetafunwa mchana, mbwa anajikunyata. Watu husema "anajua kosa lake". Anachosoma ni uso wako.
- *Kumshikilia ili mgeni amguse "azoee".* Hazoei. Anajifunza kwamba hana pa kukimbilia.
- *Mnyororo wa kutwa.* Asiyeweza kukimbia huchagua kupigana. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sura ya 360 ya sheria zake dhidi ya ukatili kwa wanyama. Kumtesa mbwa ni kosa huku na kule.

Tano: ukimtafuta mwalimu

Kufunza mbwa wa doria ni kazi moja, kutibu hofu ya mbwa wa nyumbani ni kazi nyingine. Mtu anaweza kuwa hodari sana kwa ya kwanza na asiijue ya pili. Muulize kabla hujalipa:

☐ Mbwa akipatia, unafanya nini? Akikosea, unafanya nini hasa? (Ataje kitendo, asikwambie "namrekebisha" tu.)
☐ Utahitaji kujua nini kuhusu afya yake na historia yake? (Asiyeuliza chochote, mwache.)
☐ Naweza kukaa na kutazama kipindi kizima? (Anayesema mbwa hufunzwa bila mwenyewe kuwepo, mwache.)
☐ Utatufundisha sisi na mlinzi wetu?
☐ Unanihakikishia atapona? (Anayetoa hakikisho kwa mbwa mwenye ukali hajui kazi yake, au anajua na anakudanganya.)

Tahadhari na mpango wa kumpeleka mbwa kambini kwa wiki kadhaa na kumrudisha "amenyooka". Mbwa hujifunza mahali na watu. Kule atamtii mwalimu. Nyumbani kuna geti lilelile, bodaboda zilezile, na nyinyi msiojua alifunzwa nini. Ukienda kumtazama mwalimu kazini, mwangalie mbwa wa mteja mwingine akimwona anakuja. Mkia uliobanwa katikati ya miguu, masikio yaliyolala na mwili ulioinama vitakwambia zaidi ya vyeti vilivyoning'inizwa ukutani.

Pale mafunzo yasipotosha

Kuna mbwa ambao hawafai kubaki katika nyumba fulani. Mbwa aliyeng'ata kwa kina zaidi ya mara moja, anayeng'ata kisha asiachie, au anayewavizia watoto wadogo, hali yake iamuliwe na daktari wa mifugo pamoja na familia nzima. Katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, mimi nisingesubiri jaribio lingine: mbwa na mtoto watenganishwe kwa mlango wenye komeo siku hiyohiyo, wakati uamuzi unatafutwa.

Uamuzi ukiwa ni kumpumzisha, kazi hiyo ni ya daktari kwa sindano. Si ya sumu, na si ya kijana wa mtaani mwenye rungu. Kumtupa mbali na mtaa wako ni kumhamishia mtoto wa mwenzio jeraha.

Na ukiamua kumpa mtu mwingine, pengine mwenye shamba lenye uzio na lisilo na watoto, mweleze kila alichokifanya mbwa huyo bila kupunguza, umwachie siku mbili za kufikiri, kisha umkabidhi mbwa pamoja na kadi ya chanjo, daftari la matukio, na kikapu cha mdomoni alichokwisha kukizoea.